Doti kwa Maji ya Kisima: Historia ya Nguo Katika Bonde la Kintinku

Treni inayotoka Dodoma kwenda Tabora hupita Kigwe na Bahi, kisha hukata tambarare la mashamba ya mpunga hadi Kintinku, wilayani Manyoni. Upande wa magharibi, ukuta wa bonde la ufa umeziba upeo wa macho, na baada ya Makutupora reli huanza kutafuta pa kupandia kwenda Saranda. Mgeni akishuka hapa usiku wa Juni au Julai, upepo wa kipupwe ukivuma, atataka kitu cha kujifunika. Ataonyeshwa blanketi la kiwandani lililotoka mbali, au la mtumba. Blanketi lililofumwa kwa mkono na mtu wa Kintinku, Manyoni au Singida hatalipata.

Ukiuliza sababu, wengi hujibu upesi kwamba watu wa bara hawakujua kufuma. Jibu hilo limerudiwa mpaka likaonekana la kweli. Lakini magharibi ya hapa, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, kitanda cha mfumi, yaani chombo cha kufumia nguo, kilikuwapo, na mashariki, pwani, kilikuwapo tangu karne nyingi. Ufumaji ulikufa kwa sababu zinazoweza kutajwa, na nyingi ya sababu hizo zilipita katika bonde hili hili, zimefungwa mitumba juu ya mabega ya wapagazi.

Kabla ya 1830: Ngozi, magome na pamba

Tuanze na kondoo. Kondoo wa Ugogo, nchi ya Wagogo ambamo bonde hili limo, ana mkia wa mafuta na manyoya mafupi kama ya mbuzi. Hana sufu ya kusokota, na pasipo sufu hakuna blanketi zito la kufumwa. Ndiyo maana majina yetu ya vitu vya sufu na vya kutandika vya kifahari yalikuja na majahazi: zulia kutoka Uajemi, busati kutoka Uarabuni. Mkeka na jamvi ni vyetu, lakini hivyo husukwa kwa ukindu na miyaa, si kwa uzi.

Mgogo alikuwa na ng'ombe. Ngozi iliyokwanguliwa na kulainishwa kwa mafuta ilikuwa vazi, kitanda na mbeleko ya mtoto. Ilitandikwa ndani ya tembe, nyumba ya paa bapa la udongo inayotunza joto la mchana hadi usiku. Nchi yenyewe ni kame, mvua yake ni chache na haina ahadi, na pamba si zao la kulitegemea mahali ambapo hata mtama una miaka ya kukataa. Kwa hiyo ni kweli kwamba Ugogo haikuwa nchi ya wafumaji. Ilikuwa imekaa katikati ya nchi mbili za wafumaji.

Upande wa pwani, mwanaakiolojia Neville Chittick alipofukua Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, ardhi ilitoa vigurudumu vidogo vyenye tundu katikati, vilivyotumika kusokotea uzi wa pamba. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa huko zilipelekwa hadi Misri. Pate ilipata sifa kwa hariri yake: mafundi wake walifumua vitambaa vilivyotoka ng'ambo na kuzifuma upya nyuzi zake. Watu wanaofumua hariri ya wageni uzi mmoja mmoja ili waifume kwa mkono wao wenyewe hawawezi kuitwa watu wasiojua kufuma.

Upande wa bara, Wanyamwezi walifuma. Wafipa, kusini-magharibi, walifuma. Kitanda chao kilikuwa cha kulaza: miti miwili imefungwa kwenye vigingi vilivyopigwa ardhini, mtande, yaani nyuzi za urefu, umevutwa baina yake, fundi ameketi chini akipitisha mshindio, yaani uzi wa kukatiza, mkono kwa mkono na kuushindilia kwa ubao. Kazi hii ilikuwa ya wanaume. Kabla ya hapo pamba ilichambuliwa mbegu kwa vidole na kusokotwa kwa pia, kijiti cha kusokotea uzi. Nguo moja ilikula siku nyingi, na ilipokamilika ilikuwa nene, nzito, yenye kudumu. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika Unyamwezi mwishoni mwa 1857 alivikuta vitanda hivyo vikifanya kazi, akavieleza kitabuni. Lakini wakati huo mshindani wa wafumaji hao alikuwa ameshatangulia kufika.

1833 hadi 1865: Kitambaa kutoka Salem

Mwaka 1833 Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitiliana mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, alifika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake, na hakuacha kuwa mfanyabiashara. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kigumu, cha bei nafuu, kilichofumwa kwa mashine katika viwanda vya kaskazini ya Marekani. Watu wa pwani walikiita merikani, na jina hilo halijafutika hadi leo.

Ni vizuri kuufuata uzi wa merikani hadi mwanzo wake. Pamba ilichumwa na Waafrika waliofanywa watumwa kusini mwa Marekani. Ilifumwa Massachusetts, ikauzwa Unguja, ikabebwa bara kununulia pembe za ndovu na watu. Pembe zilirudi Marekani, nyingi zikaenda Connecticut kukatwa vibonyezo vya piano. Mfumaji wa Unyamwezi, aliyeketi kwenye kitanda chake chini ya mti, alikuwa anashindana na mnyororo huo wote bila kuujua.

Merikani haikuja peke yake. Kaniki, nyeusi kwa rangi ya nili, ilitoka India. Oman ilileta debwani na sahari, nguo zilizofumwa kwa mkono zenye pindo za rangi, na Ulaya ilileta joho la sufu. Msomaji anayeliona neno joho leo kwenye mahafali ya chuo kikuu akumbuke kwamba wakati mmoja lilikuwa zawadi ya kumlainisha mtemi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, merikani ikaadimika na bei yake ikapanda. Hapo ndipo vitanda vya Unyamwezi vingeweza kupata pumzi. Lakini nguo za Uingereza na India zilikimbilia kujaza pengo, na meza ikabaki ile ile, wageni tu wakabadilishana viti.

1840 hadi 1890: Hongo

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilipanda Usagara, ikavuka mbuga kavu ya Marenga Mkali, ikaingia Ugogo. Ilipotoka Ugogo ilipanda ukuta wa bonde karibu na Kilimatinde na kukutana na Mgunda Mkali, pori refu la kuelekea Unyamwezi. Ugogo ilikuwa baina ya kiu mbili. Msafara wa watu mia tano au elfu ulifika umekauka, na mbele yake kulikuwa na ukame mwingine. Maji yalikuwa kwenye visima vilivyochimbwa na Wagogo, na nafaka ilikuwa kwenye vihenge vyao.

Kwa hiyo watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Wasafiri wa Ulaya waliieleza kama unyang'anyi, nami sikubaliani nao hata kidogo. Kisima cha Ugogo wakati wa kiangazi huchimbwa, huchimbuliwa tena na kulindwa, na maji yanayonywewa na wageni elfu moja kwa siku tatu ni maji ambayo ng'ombe wa kijiji hawatayanywa. Mtemi alikuwa msimamizi wa ardhi na mvua, na kilicholipwa kiligawanywa kwa wazee. Nchi gani isiyotoza ushuru mpakani mwake?

Ushuru huo ulihesabiwa kwa nguo. Shuka ilikuwa dhiraa nne (dhiraa ni urefu wa kiwiko hadi ncha ya kidole), doti dhiraa nane, na doti nyingi zilifanya jora. Mtemi Magomba wa Kanyenye, huku Ugogo, ambaye Burton alimkuta mwaka 1857 na msafiri Henry Stanley akamkuta bado anatawala mwaka 1871, hakuridhika na merikani tupu. Yeye na wenzake walizijua nguo kwa majina yake, wakachagua na kukataa. Waliyoitaka zaidi ni ile yenye rangi na pindo, ya kazi ya mkono kutoka Oman. Mashine za Massachusetts zilivalisha wapagazi. Heshima ya mtemi ilidai kidole cha mfumaji.

Mtu wa kawaida naye alikuwa na lango lake. Mpagazi alipewa posho yake kwa nguo, naye aliikata vipande kununulia mtama, maziwa, asali, mayai au kuku. Hivyo pamba ilienea Ugogo upesi kuliko katika nchi nyingi jirani. Katikati ya karne ya 19 wapita njia waliandika kwamba Wagogo wengi walikuwa wameshaacha ngozi na kuvaa shuka, imefungwa begani kwa mtindo wa lubega. Walipata nguo bila kulima pamba wala kusokota uzi. Waliipata kwa maji.

Hapa ndipo kiini cha habari nzima kilipo. Nguo ya Mnyamwezi ilikuwa nguo tu. Merikani ilikuwa nguo na fedha kwa pamoja: ilikubaliwa Bagamoyo, Mpwapwa, Kanyenye, Tabora na Ujiji, kwa kipimo kinachojulikana na kila mtu. Uliweza kuvaa kitambaa cha Mnyamwezi kizuri kuliko merikani, lakini usiweze kukitumia kulipia hongo, mahari, faini wala pembe. Kijana wa Unyamwezi alilinganisha miezi ya kukaa kwenye kitanda cha mfumi na safari moja ya kwenda pwani kubeba mzigo, akarudi na mafungu ya nguo. Alichagua safari. Wanyamwezi wakawa wapagazi wakubwa wa Afrika Mashariki, na vitanda vyao vikabaki na wazee.

1890 hadi 1914: Moto, kodi na reli

Mwaka 1890 Mjerumani Carl Peters, akirejea kutoka Uganda, aliingia Ugogo akakataa kulipa. Alichoma vijiji na kuteka ng'ombe. Kosa la Wagogo machoni pake lilikuwa kudai ushuru katika nchi yao. Baadaye serikali ya Kijerumani ilijenga boma Kilimatinde, juu ya ukuta wa bonde, mahali panapotazama tambarare yote ya Kintinku na Bahi, na hongo ikakoma. Mwaka 1898 mambo yaligeuka kinyume: kodi ya kibanda ilianza, na sasa aliyekuwa mwenye kisima ndiye aliyetozwa. Polepole rupia ikachukua nafasi ya doti.

Wajerumani walitaka pamba pia, lakini kwa ajili ya viwanda vya kwao. Kusini mwa nchi waliwalazimisha watu kuilima katika mashamba ya pamoja kwa malipo ya dharau, na pamba hiyo ikawa moja ya cheche za Vita vya Majimaji mwaka 1905. Mwaka huo huo ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Katikati ya Dodoma na Tabora, Kintinku ikapata stesheni.

Reli ilihamisha uzito wa nchi nzima. Kilimatinde, iliyokuwa mlango wa misafara, ilibaki pembeni huko juu, na Manyoni ikakua. Wapagazi walikwisha, na pamoja nao posho ya nguo ikaisha. Behewa moja lilibeba mzigo wa mamia ya wapagazi, wala treni haiombi maji ya mtemi. Kabla ya hapo mtu wa bonde hili aliuza kisima chake akapata doti. Baada ya hapo ilimbidi auze ng'ombe au nguvu zake, ili apate rupia ya kodi kwanza na ya nguo baadaye.

Jambo kama hili lilitokea upande mwingine wa dunia, na linganisho lake linafundisha. New Mexico, kusini-magharibi ya Marekani, wakazi wenye asili ya Kihispania walifuma mablanketi na mazulia ya sufu. Kondoo wao wa churro waliletwa na msafara wa Juan de Oñate mwaka 1598, na mwaka 1807 wakuu wa Kihispania walipeleka Santa Fe mafundi wawili, Ignacio na Juan Bazán, kuimarisha ufundi huo. Mwaka 1821 njia ya biashara kutoka Missouri hadi Santa Fe ilifunguliwa, na bidhaa kubwa katika magari yake ya kukokotwa ilikuwa kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya kaskazini-mashariki ya Marekani. Ni ndugu wa merikani yetu. Huko kilivutwa na nyumbu na maksai, huku kilibebwa kichwani, na katika nchi zote mbili kilimkuta mfumaji amekaa kazini.

Kisha reli nayo ikafika, kama mwaka 1880, ikaleta uzi wa kiwandani, rangi za dukani na mablanketi ya bei rahisi. Ufumaji wa New Mexico ulipungua sana, lakini haukufa. Treni ile ile ilileta watalii, na watalii walikuwa tayari kulipia kazi ya mkono. Katika kijiji cha Chimayó, wafanyabiashara na koo za wafumaji, zikiwemo Ortega na Trujillo, waligeuza blanketi la kujifunikia kuwa kitu cha kutundika ukutani, na vitanda vyao vinafanya kazi hadi leo.

Wafumaji wa Chimayó hawakuwazidi Wanyamwezi kwa mikono wala kwa akili. Walikuwa na sufu, walibaki na ardhi walau ya kufugia kondoo, na walipata mnunuzi aliyekuja na treni akitaka hasa kile kilichofumwa hapo. Treni iliyopita Kintinku ilileta afisa kodi na mwenye duka, na hakuna kati yao aliyeulizia nguo ya kufumwa kwa mkono.

1914 hadi 1961: Robota zinapita

Vita vya kwanza vya dunia viliiangusha Ugogo. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua ilipokosekana ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 30,000 walikufa. Baada ya pigo kama hilo, nguo mpya ilikuwa ndoto, na wengi walirudia ngozi, waliobakiwa na mfugo wa kuchuna.

Katika miaka ya 1930 nguo za Japani zilijaa madukani, kwa sababu mikataba ya kimataifa ya bonde la Kongo iliwazuia Waingereza kuwapendelea wenye viwanda wao kwa ushuru. Wakati huo huo Usukuma ulikuwa umegeuka nchi ya pamba. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na kutoka hapo robota za pamba ya Wasukuma zilishuka kwa treni, zikapita Kintinku, zikaenda bandarini Dar es Salaam na ng'ambo. Treni za kupanda zilileta majora ya kaniki na merikani. Pamba na nguo zilipishana hapa stesheni, na ujira wa kuigeuza ya kwanza kuwa ya pili ulibaki kwa wengine. Ufipa ndiko vitanda vya mkono vilikoendelea ndani ya karne ya 20, kwa sababu ya umbali tu: reli haikuwahi kufika kwao.

1961 hadi 1985: Viwanda vyetu

Serikali ya uhuru ililiona wazi tatizo hilo la pamba kwenda na nguo kurudi. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa Dar es Salaam, na Mwanza ikapata Mwatex. Vingine vilifuata Arusha, Musoma, Morogoro na Tabora, na Shirika la Nguo la taifa, TEXCO, likaundwa kuvisimamia. Kwa mara ya kwanza tangu misafara, kanga na vitenge vilivyovaliwa bondeni vilitoka pamba ya Tanzania iliyofumwa Tanzania. Miaka hiyo inastahili heshima kuliko inayopewa sasa.

Lakini kilichofufuliwa kilikuwa kiwanda, si kitanda cha mfumi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bei ya mafuta, Vita vya Kagera na ukosefu wa fedha za kigeni viliviacha viwanda bila vipuri, umeme wa uhakika wala rangi. Nguo ikawa ya foleni. Wanaokumbuka mwanzo wa miaka ya 1980 wanakumbuka pia marehemu waliokosa sanda mpya.

1985 hadi leo: Mtumba unarudi

Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ilimiminika. Neno lenyewe ni la zamani. Mtumba ulikuwa furushi la nguo lililokazwa kwa kamba, mzigo wa mpagazi mmoja, ule ule uliopita hapa ukielekea Mgunda Mkali. Neno limerudi na maana yake karibu nzima: nguo za mbali, zimekazwa robota, zinauzwa kwa bei ambayo mfumaji wa hapa hawezi kuifikia. Viwanda vingi vya miaka ya 1960 na 1970 vilifungwa au kuuzwa. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za ushuru za mpango wake wa AGOA, na Rwanda peke yake ikashikilia msimamo, ikasimamishiwa nafuu ya mavazi mwaka 2018. Nchi ile ile iliyoleta merikani ndiyo iliyokuwa upande wa pili wa meza.

Kitanda cha mfumi hakijatoweka kabisa nchini. Iringa, karakana ya Neema Crafts iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa la Anglikana inawaajiri watu wenye ulemavu, na ufumaji wa mkono ni moja ya kazi zao. Wamefaulu pale walipofaulu Chimayó, kwa kumpata mnunuzi anayeitaka kazi ya mkono kwa ajili ya mkono wenyewe.

Sasa reli mpya ya kisasa, SGR, imejengwa kupita bonde hili. Kipande cha kutoka Morogoro kimeishia Makutupora, jirani wa Kintinku, na kipande kinachofuata kinaelekea Tabora. Treni za abiria za umeme zilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Itakapofunguka yote, wageni wengi kuliko wa misafara ya zamani watapita chini ya ukuta wa Kilimatinde, na huenda miongoni mwao wakawamo wanunuzi wa kazi ya mkono.

Msomaji wa Sumbawanga au Nkasi huko Ufipa, au wa Tabora au Sikonge huko Unyamwezi, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyemwona babu yake akitanda uzi kwenye vigingi, au kuna kipande cha nguo nzito ya pamba kimehifadhiwa ndani ya sanduku, mkalie mzee huyo umsikilize, na kipande hicho usikitupe. Andika majina ya vifaa kwa lugha ya kwenu, pima upana wa nguo, hesabu nyuzi za mtande. Waliokuwa wakijua kazi hiyo kwa mikono yao karibu wote wameshazikwa.